Mlima wa Nyumba Nzima

Tuliporudi safarini, akina mama wa kikundi chetu cha kanisani hapa Pemba walituuliza swali moja: "Kati ya Kilimanjaro na Udzungwa, ni hifadhi ipi inayofaa kutembelewa na familia?" Tulifungua kinywa kujibu, kisha tukatazamana. Swali hilo lilikuwa limekaa mezani petu kwa miezi minne. Lilitutoa machozi, na nusura litugombanishe. Basi tumeona ni vema tulieleze hapa, ili kila mama apime mwenyewe kwa hali ya nyumba yake.

Sisi ni wakazi wa Wawi, karibu na mji wa Chake Chake. Mmoja wetu ni muuguzi, mwenzake ni mwalimu wa jiografia. Mungu ametujalia watoto watatu: mvulana wa miaka 17, binti wa miaka 13, na kitinda mimba wetu wa kiume mwenye miaka 9. Kisiwa chetu ni cha vilima na mabonde, kimejaa mikarafuu na minazi, lakini mlima hasa hatuna. Mtoto wa Pemba huujua mlima kwa picha ya kitabuni.

Siku ya harusi yetu, mwaka 2005, mchungaji alisoma Zaburi ya 121, ile inayotaja milima. Baada ya ibada bwana harusi alimnong'oneza bibi harusi kwamba iko siku atampeleka akauone mlima kwa macho yake. Ahadi za siku ya harusi ni rahisi kutoa. Nyuma yake zikaja kodi za nyumba, karo, na safari za hospitali. Miaka 20 ikatimia. Mwaka 2025 tukaambiana: safari hii twende, tusije tukazeeka na ahadi mkononi.

Fedha tuliweka katika kibubu, na watoto nao walitia chao. Msimu wa karafuu ulipofika, mkubwa alikwenda kuchuma katika mashamba ya majirani. Wadogo zake walikaa mkekani kuchambua, karafuu huku, makonyo kule. Hapa kwetu Wawi ndipo kilipo kiwanda cha makonyo, kinachotoa mafuta ya mkarafuu, na siku nyingine harufu yake hutufikia hadi mlangoni. Binti yetu hakununua hata kibanio cha nywele msimu ule. Kila shilingi aliyolipwa kwa kuchambua aliitia kibubuni.

Milima miwili mezani

Baba watoto hakuwa na shaka hata kidogo. Kwake yeye mlima ni Kilimanjaro. Kwa miaka mingi amesimama mbele ya ubao na kuwaambia watoto wa watu kwamba kilele cha Uhuru kina urefu wa mita 5,895, kwamba Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera na mwenge kule juu, na kwamba Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973. Amewafundisha pia kwamba zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwako mwaka 1912 imekwisha yeyuka. "Tukichelewa," alisema, "wajukuu wetu watakuta mawe matupu."

Hakutaka kufika kileleni. Alijua kwamba safari ya kilele ni ya siku tano au zaidi na gharama yake si ya mshahara wa mwalimu. Alichotaka ni kuingia kwa lango la Marangu asubuhi, kutembea ndani ya msitu hadi kituo cha Mandara, mahali penye vibanda vya kulala wapandaji, kisha kurudi jioni. Watu wengi hufanya hivyo. Ni mwendo wa kilomita nane hivi kwenda, na nane kurudi.

Habari za Udzungwa tulizipata kwa muuguzi mwenzetu tuliyesoma naye chuoni, ambaye alipata kufanya kazi katika bonde la Kilombero. Alituambia kwamba Hifadhi ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, na ndani yake hakuna safari za gari. Kila mgeni hutembea kwa miguu. Kuna maporomoko ya Sanje yanayoshuka mita 170, na kuna kima wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Kilele cha juu, Luhombero, ni mita 2,576, lakini misitu ya chini huanzia mita 250 tu kutoka usawa wa bahari. Tena ni karibu zaidi kwetu. Kutoka Dar es Salaam hadi Mang'ula, yalipo makao makuu ya hifadhi, ni kama kilomita 350, wakati kwenda Moshi ni zaidi ya 500.

Tulichukua karatasi ya kalenda ya zamani, tukaigeuza nyuma na kupiga mstari katikati. Upande huu Kilimanjaro, upande ule Udzungwa. Tukaandika nauli, viingilio, malazi, chakula. Kwa hesabu ya fedha Udzungwa ilishinda. Kwa hesabu ya moyo wa baba watoto Kilimanjaro ilishinda kwa mbali. Lakini lilikuwako jambo la tatu, ambalo hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuliandika.

Binti yetu ana selimundu.

Jambo la tatu

Wengine huita sikoseli. Alikuwa na miezi tisa vidole vyake vya mikono na miguu vilipovimba. Tulidhani ameumwa na mdudu, tukampaka mafuta. Mama yake alikuwa amekwisha vaa sare ya uuguzi kwa miaka kadhaa, amewaona watoto wa wenzake wakiwa na vidole vya namna ile, lakini mtoto alipokuwa wa mapajani pake mwenyewe hakutambua. Damu ilipopimwa ndipo tulipojua kwamba sisi wazazi wote wawili tu wabebaji, na wala hatukuwa na habari.

Mama msomaji, huenda nyumbani kwako hamna ugonjwa huu, lakini Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nao, kwa hiyo tuueleze kidogo. Seli nyekundu za damu za mtu mzima wa afya ni za mviringo na laini, hupita katika mishipa midogo bila taabu. Kwa mwenye selimundu, seli zikikosa oksijeni hujikunja mfano wa mundu, zikawa ngumu, zikaziba njia. Hapo ndipo huja maumivu makali ya mifupa, kifua au tumbo. Mambo yanayoamsha shida hiyo ni pamoja na baridi, kiu, kazi nyingi, homa, na kukosa hewa ya kutosha.

Sasa soma tena orodha hiyo, kisha mfikirie mtu anayepanda mlima mrefu. Kule juu kuna baridi, kuna uchovu, mtu husahau kunywa maji, na hewa ni nyembamba. Katika kilele cha Uhuru kila pumzi humpa mtu karibu nusu tu ya oksijeni anayoipata pwani. Hata Mandara, kwenye mita 2,700 hivi, anapata kama robo tatu.

Tulipolisema jambo hilo, baba watoto alinyamaza kwa muda. Kisha akatoa shauri. Sote twende Marangu. Yeye na wavulana watapanda hadi Mandara, na mama atabaki chini na binti. Watazame soko, wanywe chai, wawasubiri wenzao warudi jioni. Upande wa mama ulipinga. Baba akasema kwamba hatuwezi kuwanyima watoto wawili kwa sababu ya mmoja. Mama akajibu kwamba huyo mmoja amekwisha nyimwa mengi. Sauti zikapanda. Ni aibu kuyaandika haya, lakini hapakuwa na mwovu mezani pale. Kila mmoja alikuwa akimtetea mtoto.

Hatukujua kwamba binti alikuwa amesimama mlangoni na sahani za chakula. Aliziweka mezani taratibu, akasema, "Baba, mimi nikikaa langoni nitaona nini? Na fedha zangu za makonyo zimo kwenye kibubu."

Hakulia. Alirudi jikoni kuchukua maji ya kunawa. Baba yake alitoka nje akasimama chini ya mwembe, na chakula kikapoa.

Kwa daktari

Majuma mawili yalipita bila uamuzi. Jirani yetu, bibi mmoja wa Kiislamu ambaye amewalea wanetu kama wajukuu zake, alituuliza habari za safari. Tulipomweleza kwamba bado tunapima hiki na kile, alicheka akasema, "Wanangu, mchagua nazi hupata koroma. Mtachagua mpaka likizo iishe." Kisha akaongeza kwa upole, "Muulizeni mwenye ujuzi wa ugonjwa. Mnabishana ninyi kwa ninyi, na jibu hamnalo."

Alisema kweli. Sisi wauguzi mara nyingi hudhani kwamba kwa kuwa tunafanya kazi hospitalini, ya nyumbani kwetu tunayajua yote. Tulimpeleka binti kliniki yake, tukamweka daktari wazi kuhusu mpango wetu.

Daktari hakuzunguka. Alisema Mandara asiende. Alieleza kwamba wapo wenye selimundu waliofika sehemu za juu wakarudi salama, lakini hakuna awezaye kuahidi, na mtu akizidiwa ndani ya msitu, saa tatu za mwendo kutoka langoni, msaada uko mbali. Kisha akamgeukia baba. "Na wewe mwenyewe ni mbebaji. Wabebaji wengi huishi bila shida yoyote, lakini wako waliopata maumivu makali ya wengu walipofika juu sana. Siku ukitaka kupanda kupita Mandara, njoo tuzungumze kwanza." Baba watoto alicheka kidogo. Hakuwa amepata kuufikiria mwili wake mwenyewe katika habari hii.

Tukataja Udzungwa, kwa furaha, tukidhani sasa jibu limepatikana. Daktari akauliza, "Mang'ula si iko katika bonde la Kilombero? Malaria mmeifikiria?"

Furaha ikatuishia. Hapa Zanzibar, kwa kazi ya miaka mingi ya kugawa vyandarua, kupulizia dawa majumbani na kupima watu, malaria imeshuka mno. Mtoto wetu wa miaka 9 alikuwa hajapata kuugua. Bonde la Kilombero lina mito, mashamba ya mpunga na mbu wengi. Si bure kwamba huko Ifakara wataalamu wamekuwa wakichunguza malaria kwa miongo mingi. Na malaria kwa mwenye selimundu si homa ya kawaida. Inaweza kumaliza damu yake kwa haraka na kumtia hatarini.

Hivyo tukawa na milima miwili, na kila mmoja una hatari yake. Tulirudi nyumbani kimya. Usiku ule, baada ya sala, tulitoa ile karatasi ya kalenda, tukaandika chini ya kila mlima hatari yake na kinga yake. Chini ya Udzungwa tuliandika: chandarua, nguo za mikono mirefu jioni, dawa ya kujipaka, dawa ya kinga aliyoiandika daktari, na Hospitali ya Mtakatifu Fransisko iliyoko Ifakara. Chini ya Kilimanjaro, mahali pa kinga, kalamu ilisimama. Sweta ingezuia baridi, maji yangezuia kiu. Hewa nyembamba haina chandarua.

Baba watoto aliikunja karatasi. "Miaka yote hii nimeufundisha mlima ule bila kuukanyaga," alisema. "Naweza kuufundisha mingine." Alisema kwa utani, lakini twamjua. Ilimgharimu. Tunaandika hili kwa ajili ya wanaume wetu pia, kwa sababu sadaka za namna hii hufanywa kimya na mara nyingi hakuna anayezishukuru.

Ndani ya Udzungwa

Tulisafiri wakati wa kiangazi, ambao ni wakati mzuri kwa hifadhi ile, maana wakati wa mvua njia huteleza. Tulipanda boti Mkoani, tukapitia Unguja hadi Dar es Salaam. Kutoka hapo tulichukua treni ya umeme, iliyoanza safari za Morogoro mwaka 2024, na kwa watoto wa kisiwani treni ile peke yake ilitosha kuwa safari. Morogoro tukapanda basi, tukapita Mikumi, tukashuka hadi Kidatu kwenye mashamba makubwa ya miwa. Mkono wa kulia ukainuka ukuta wa kijani mkubwa kuliko kitu chochote tulichopata kuona. Kitinda mimba aliuliza, "Baba, kile ni wingu?" Akaambiwa, "Hicho ni mlima, mwanangu." Akanyamaza hadi Mang'ula.

Siku ya kwanza tulichagua njia fupi kuliko zote, iendayo kwenye maporomoko yaitwayo Prince Bernhard, kwa jina la yule mume wa malkia wa Uholanzi. Ni kama kilomita moja tu kutoka makao makuu. Mtu wa afya huimaliza kwa dakika 40. Sisi tuliitembea kwa saa mbili, kwa sababu tulikubaliana kwamba binti ndiye atatangulia, na mwendo wake ndio utakuwa mwendo wa wote. Kila robo saa tulikaa tukanywa maji, akiwa na kiu au hana. Kaka yake mkubwa alianza kwa kuguna. Baada ya muda aliacha, kwa sababu mwendo ule wa pole ndio uliotuonyesha mambo.

Mwongoza wageni alitusimamisha akaonyesha juu. Katika matawi walikuwako mbega wekundu wa Udzungwa, wenye nywele nyekundu kichwani kana kwamba wamevaa kofia. Alitueleza kwamba milima ile ni sehemu ya safu ya kale ya Tao la Mashariki, ambayo misitu yake imetengana na misitu mingine kwa muda mrefu mno, ndiyo maana kuna viumbe visivyopatikana kwingine. Yuko kima wa Sanje, ambaye wataalamu walimtambua mwaka 1979 tu, ingawa wenyeji walikuwa wakimwona siku zote. Baba watoto alitoa daftari lake akaandika. Tulimwona uso umemng'aa, na hapo mioyo yetu ikatulia.

Penye maporomoko wavulana walitaka kuingia majini. Tulijua kwamba maji baridi yanaweza kumwamshia binti maumivu, kwa hiyo yeye tulimkatalia. Alivua viatu akaketi juu ya jiwe lenye jua, akayatazama maji. Baada ya kitambo alisema, "Kumbe mlima una sauti." Hatukumjibu. Tulikaa naye tukaisikiliza.

Siku ya pili

Sanje kuna mpando mkali, na safari yake ni ya saa kadhaa. Usiku wa kwanza tulikuwa tumeamua kwamba hakuna atakayekwenda. Tumekuja pamoja, tutakaa pamoja. Asubuhi binti akasema, "Baba, nendeni ninyi. Mimi jana nimeona. Leo miguu inataka kupumzika. Lakini mkirudi mnisimulie yote, msiruke."

Tulisita. Je, hili halikuwa lile lile la Marangu, kumwacha mmoja nyuma? Tulilipima, tukaona kuna tofauti. Kule tungemwacha langoni kabla hajauona mlima, na uamuzi ungekuwa wetu. Hapa mlima alikuwa amekwisha uingia, na uamuzi ulikuwa wake. Wanaume wakaenda.

Tulibaki wawili, mama na binti, tukaketi barazani na akina mama wa kijijini waliokuwa wakichambua mchele. Wao nao walikuwa na lao kuhusu ule mlima. Zamani wanavijiji waliruhusiwa kuingia hifadhini siku maalumu kuokota kuni kavu, na ruhusa hiyo ikakoma mwaka 2011. Mama mmoja alisema, "Ninyi wageni mnaona miti. Sisi tunaona jiko." Mwingine akamwambia kwamba bila ile miti mito ingekauka, na mpunga usingekuwako wa kupikwa. Walibishana kama sisi tulivyobishana nyumbani, na kama sisi, wote wawili walikuwa na sehemu ya kweli. Binti yetu alisikiliza huku mikono yake ikichambua mchele nao, kwa wepesi wa mtoto aliyelelewa na makonyo.

Jioni wavulana walirudi wamelowa, wakasimulia hadi usiku. Hawakuruka kitu.

Tulichokisahau

Laiti habari ingeishia hapo. Siku ya kumi na mbili baada ya kurudi Wawi, nyumba ikapata homa. Tulikimbilia kwanza kitandani kwa binti, tukamgusa paji la uso. Alikuwa baridi kama mtungi. Aliyekuwa akitetemeka ni kaka yake mkubwa, yule mwenye nguvu, mchumaji wa karafuu. Alipimwa, akakutwa na malaria.

Ukweli ni kwamba daktari alituambia sote tujikinge. Sisi kwa kubana matumizi tulinunua dawa ya kinga ya binti peke yake, wengine tukategemea vyandarua. Kijana naye alikuwa akikaa nje usiku na vijana wa Mang'ula, mikono wazi, akicheza bao. Hatukumkemea. Macho yetu yote yalikuwa kwa dada yake.

Alitibiwa mapema akapona. Siku chache baadaye maofisa wa afya walifika nyumbani, kama ilivyo kawaida ya Zanzibar mgonjwa wa malaria anapoonekana, wakatupima nyumba nzima na kuuliza tulisafiri wapi. Kwa muuguzi kuhojiwa barazani kwake mbele ya majirani si jambo la kujivunia. Lakini tulistahili. Tulikuwa tumemlinda aliye dhaifu, tukadhani kwamba aliye na nguvu hahitaji mlinzi.

Shauri letu

Sasa tunaweza kulijibu swali la akina mama wa kikundi. Kama nyumba yako ni ya wenye afya, na watoto ni wakubwa, na fedha ipo, Kilimanjaro ni utukufu wake peke yake, na hata mwendo wa siku moja hadi Mandara utawafaa. Kama una mtoto mdogo, au mtu wa pumzi fupi, au mzee, misitu ya chini ya Udzungwa itawapokea. Kabla hamjachagua, angalieni mambo haya.

Kwanza, msiulize tu mlima una uzuri gani. Ulizeni una urefu gani pale mtakapofika, na kuna saa ngapi hadi kwenye msaada. Tarakimu ya mita iko kwenye kila karatasi ya hifadhi, na kwa mgonjwa wa selimundu, wa moyo au wa mapafu ni muhimu kuliko kiingilio.

Pili, mwoneni daktari kabla ya kulipa chochote, na yale atakayosema yafanyeni yote, kwa watu wote wa nyumba.

Tatu, mwendo uwe wa yule wa mwisho. Maji yanywewe kwa saa, si kwa kiu. Sweta na nguo kavu za kubadili ziwemo mfukoni.

Nne, mtoto mwenye selimundu akipata homa, asisubiriwe mpaka asubuhi. Mpelekeni hospitali usiku ule ule. Na yeyote aliyetoka bara akapata homa, hata baada ya majuma kadhaa, apimwe malaria na aseme alikokwenda.

Tano, kwa akina mama wenye vijana wanaokaribia kuoa au kuolewa: watieni moyo wapime damu. Wabebaji wawili wakioana, katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mwenye ugonjwa huu. Sisi hatukujua. Kila tunapokaa na wachumba kanisani huwaambia jambo hili, wala si kwa kuwatisha. Binti yetu hatungembadilisha kwa mtoto mwingine yeyote. Ila tungependa kuwa tulijua mapema, tukavitambua vile vidole.

Ile karatasi ya kalenda bado tunayo. Baba watoto ameibandika ndani ya mlango wa kabati, upande wa Kilimanjaro ukiwa bado na nafasi tupu mahali pa kinga. Kibubu kipya kimenunuliwa. Msimu wa karafuu uliofuata tulimkuta binti mkekani akichambua, tukamwuliza fedha ni za nini safari hii.

"Za baba," alisema. "Aende Marangu. Sisi tutakaa langoni tumsubiri."